Intaneti ya Watu wa Umeme

Kampuni iliyokuwa ikituuzia umeme na gesi hapa ughaibuni, mtaani Koekelberg, ilipoanza kuuza na intaneti, mjumbe wao alikuja hadi mlangoni kuisifia. Mjomba, ninayeishi naye, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia. "Bon, batu ya courant, internet banaijulia wapi?" Aliona watu wa umeme hawawezi kuijua intaneti, lakini mimi nikakubali kujiunga, kwa kuwa ile ya zamani ilinichosha.

Kwa wiki chache ilifanya kazi vizuri. Kisha bibi, mama yake mjomba, akafariki Lubumbashi. Hatukuweza kusafiri, hivyo ndugu wakatuonyesha mazishi kwa video. Tulikaa sebuleni tumevaa kama watu walioko makaburini. Jeneza lilipoanza kushushwa, mjomba akasimama, na hapohapo picha ikaganda. Nilihangaika na waya huku yeye akiendelea kusimama. Picha iliporudi, watu walikuwa wanatawanyika.

Kesho yake nilibeba modemu hadi ofisi yao karibu na stesheni ya treni ya Gare du Nord. Mhudumu alitazama kompyuta yake. "Kwa upande wetu laini ilikuwa nzima, madame."

Nikamwambia mjomba wangu hakumwona mama yake akizikwa. Akatabasamu kwa adabu, akaniuliza kama ningependa kuongezewa kasi.

Nilimwachia modemu mezani, nikamwambia avunje na mkataba wa umeme. Akashangaa, maana umeme haukuwa na kosa.

"Sitaki hata taa yenu iwake kwangu," nikamjibu, nikaondoka.