Mkwaruzo wa Saa Saba

Placidia alikuwa mtu wa kutoamini watu, na hakuona haya kwa hilo. Alizaliwa Rugera, na vita vya 1978 vilimkuta ana miaka kumi na mmoja, umri wa kushika maneno ya wakubwa bila kuyapima. Siku zile watu wazima walihimizana kwamba mgeni yeyote aulizwe ametoka wapi na anakwenda kwa nani. Vita vikaisha, wakubwa wakasahau, Placidia hakusahau. Alipokwenda Bukoba kujifunza kupiga chapa, alilalia cheti chake chini ya mto wiki nzima, utadhani mji mzima ulikuwa ukikitamani.

Mwaka 1997 alikuwa karani wa mradi mdogo wa chanjo za watoto, Nyakasimbi. Ofisi ilikuwa na jenereta na kompyuta mbili: moja kuukuu, iliyosukumwa pembeni, na moja mpya ambayo Placidia aliifunika kitambaa cha kufuma kila jioni. Kwa hiyo mpya aliandika barua za kuwaita wazazi walete watoto kwa sindano ya pili. Mwenzake alikuwa Fidele, mtu mpole, aliyevuka kutoka Rwanda mgongoni mwa mama yake, wakikimbia kuuawa, mwanzoni mwa miaka ya sitini. Fidele alizunguka zahanati kwa baiskeli na kurudi na majina ya watoto, mengine kwenye karatasi, mengine kwenye disketi.

Disketi hizo ndizo zilizomkosesha Placidia raha. Alikuwa amesikia kwamba kuna programu za maradhi, zinaitwa virusi, na husafiri kwa disketi. Akatunga sheria yake. Kwao, anayeleta rubisi huinywa yeye kwanza mbele ya watu, waone kwamba hakutia kitu kwenye pombe ile. Basi na disketi iwe hivyo hivyo: aliyeileta aiingize kwanza kwenye kompyuta kuukuu na kufungua kila kilichomo, Placidia akiwa amesimama pembeni anamtazama. Alichokitazama hasa ni uso. Fidele alizionja disketi zake zote bila kunung'unika, akicheka kidogo, na kicheko hicho Placidia alikiweka moyoni.

Mwezi wa tatu yakazuka mambo mawili. Kwanza, mashine mpya ilianza kufanya kazi peke yake. Kila siku saa saba Placidia alikwenda kula kwake, Fidele akabaki ofisini na viazi vyake. Placidia akirudi, kabla hata hajavuka kizingiti, anasikia mkwaruzo ndani ya mashine na kuona kitaa chake kikiwaka na kuzima, naye Fidele ameketi mbali, mikono mitupu. Akigusa kibodi tu, kimya. Pili, maneno yalianza kuhama. Barua aliyoisoma mara mbili jana, leo neno la mstari wa juu limeshuka chini. Mama mmoja alitembea kutoka Rugera na mtoto mgongoni kwa tarehe isiyo yake, akarudi bila sindano.

Placidia akaunganisha. Nani hubaki saa saba? Nani huleta disketi? Nani hucheka akionja? Aliogopa kweli, na woga ukamfanya ajione mwerevu. Akayafikisha kwa Bwana Aristides, mkuu wa mradi, ambaye hakujua kompyuta wala hakutaka kuijua, ila alijua vizuri minong'ono ya mwaka ule juu ya kila mwenye asili ya ng'ambo ya mto, yaani Rwanda. Akaamua Fidele akae nyumbani kwanza, na fundi akithibitisha, afukuzwe kabisa.

Barua ya kumsimamisha aliichapa Placidia mwenyewe. Fidele aliisoma, akaikunja, akauliza kama baiskeli aiache pale pale. Kufikia jioni sokoni walikuwa wameshaongeza chumvi, kwamba alikuwa akipeleka majina ya watoto kusikojulikana.

Fundi aliitwa Saleh, mwenye duka la kutengeneza redio Omurushaka, ambaye babu yake alitoka Pangani. Placidia alianza kumsimulia habari za Fidele, Saleh akamkatiza kwa upole, akasema yeye amekuja kwa ajili ya mashine. Wakaketi bila kugusa kitu mpaka mkwaruzo ukaanza. Saleh akabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, ikatokea orodha ya programu zote zilizokuwa kazini, hata zisizoonekana kwenye skrini. Placidia alishtuka kwa wingi wake. Kila moja aliiona jambazi.

Saleh alizipitia moja moja. Hii inasubiri printa, hii inashughulikia sauti, hii imekuja na mashine. Ile ya mkwaruzo akaitafuta inakokaa na siku iliyoingia. Ilikaa pamoja na programu ya kuandikia barua, na ziliingia siku moja, saa moja. Kazi yake ilikuwa kuzipitia barua zote na kuziwekea orodha ili zipatikane upesi, na ilingoja mtu aache kugusa mashine ndipo ianze.

"Inafanya kazi watu wakienda kula ili isiwasumbue," Saleh alisema. "Hiyo ni adabu, dada, siyo wizi."

Placidia hakukubali. Mwizi naye si huingia watu wakienda kula? Saleh hakubishana. Aliizima ile programu, mkwaruzo ukakoma, kisha akamwambia Placidia aandike barua fupi, aifunge na kuifungua mara kadhaa. Mara ya nne, neno "mtoto" lilikuwa limehamia mstari wa mwisho. Kelele ilikuwa imesingiziwa bure.

Hapo Saleh akatoa programu yake ya kukagua virusi, akaomba disketi zote zilizowahi kuingia kwenye mashine mpya. Placidia akampa tisa za Fidele. Zote safi. Saleh akauliza kama ndizo zote, Placidia akajibu ndizo, na neno halijamtoka vizuri akakumbuka ya kumi. Ilikuwa mkobani mwake. Ilikuwa na barua za kamati ya harusi ya mdogo wake, zilizochapwa Bukoba, naye alizifungua kwenye mashine mpya mwezi wa pili arekebishe majina ya wageni. Hakuionja, kwa kuwa ilikuwa yake.

Saleh alikuwa ameinama anapuliza vumbi nyuma ya mashine, hamtazami. Mkoba ungeweza kubaki umefungwa. Placidia aliufungua, akamkabidhi disketi.

Kirusi kilikuwamo katika barua zote nne za harusi. Hakitoi sauti, Saleh alieleza, kinajibanza ndani ya barua, na kila barua inayofunguliwa baada yake nayo kinaiingia. Placidia akamweleza sheria yake ya kuonja, akauliza mbona hata yeye aliyesimama akimtazama Fidele hakuona lolote.

"Ulikuwa unaangalia uso wa mtu," Saleh alisema. "Kirusi hakina habari na uso."

Bwana Aristides alipendekeza yaishe kimya, iandikwe tu kwamba mashine iliharibika.

"Hapana, mzee," Placidia alisema. "Andika kwamba ni mimi."

Akapanda kilima kwa miguu hadi kwa Fidele. Uani alimkuta Mukakalisa, mama yake Fidele, ameketi kati ya mikeka iliyokunjwa, sufuria zilizofungwa ndani ya kitenge, na majembe yaliyotolewa mipini. Placidia alipiga magoti, akatoa shikamoo, akasema yote bila kujitetea. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru kwa kuja, akamwita Fidele kutoka migombani asikie kwamba kazi yake ipo. Placidia, kwa aibu, akashika fundo la kitenge amsaidie kufungua mizigo.

Mukakalisa akaweka kiganja juu ya mkono wake.

"Acha, mwanangu," alisema. "Itakaa hivyo hivyo. Mara ya kwanza, kule ng'ambo, walitukuta hatujafunga."