Neno Tuliloacha Kulitamka

Baba yangu alikuwa mwalimu mstaafu. Kila asubuhi nyumbani kwetu Kilwa Masoko, kabla hatujagusa chai, alitupa neno moja na tukio moja. "Meza hii mnayoiegemea, jina lake alituachia Mreno. Shule mnayoikimbia, Mjerumani." Kisha alianza: "Siku kama ya leo..." na kutusimulia habari za meli iliyozama au sultani aliyepinduliwa, mambo aliyoyasoma au kuyasikia redioni. Mama alimhimiza amalize, mihogo inapoa.

Neno alilolipenda zaidi lilikuwa gereza. Siku moja alituvusha hadi Kilwa Kisiwani akatusimamisha mbele ya ile ngome inayoitwa Gereza. "Wanasema Wareno walikuwa na neno kama hili, maana yake kanisa," alisema. "Kwao nyumba ya sala. Kwetu likageuka." Kaka yangu akauliza liligeukaje. Baba akacheka, akakiri kwamba hajui.

Tulipokuwa watu wazima, kaka alikamatwa akiwa na samaki waliovuliwa kwa baruti, akitokea upande wa kisiwa cha Songo Songo. Alikuwa na mke na mtoto mchanga wa kulisha. Hakukana. Akafungwa, akapelekwa Lindi.

Tangu hapo baba hakutupa tena neno wala tukio. Alikunywa chai akitazama ukuta. Jirani akimwulizia kaka, mama alijibu, "Yuko Lindi," basi. Lile neno alilolipenda baba, gereza, halikutamkwa tena nyumbani.

Mimi nilikuwa nikienda kumwona kaka. Kila mara aliuliza, "Baba hajambo?" Siku moja niliporudi nikamwambia baba, "Anakuulizia." Asubuhi yake nilimkuta kibarazani, kavaa kanzu yake ya Ijumaa, na haikuwa Ijumaa.

"Twende," alisema.

Huko Lindi kaka aliletwa amekonda, kichwa kimenyolewa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Askari alitazama saa yake. Kaka akainama, akauliza kwa sauti ndogo, "Siku kama ya leo, baba?"

Baba alimsogelea. "Siku kama ya leo," alisema, "ulishikwa na degedege. Mama yako alikuwa msibani Kiswere. Nilikubeba mgongoni mpaka hospitali, mvua inanyesha, nakuimbia njia nzima kwa sababu niliogopa kunyamaza." Akasita. "Tarehe sina hakika nayo. Lakini mambo yalikuwa hivyo."

Kaka alilia bila kujifuta. Yule askari akageuka kutazama nje, akatuacha tukapitiliza muda.

Kuanzia hapo baba hakukosa kwenda, mpaka magoti yalipomkatalia. Habari za masultani na meli aliziacha. Alimsimulia kaka siku paa letu lilipong'olewa na upepo, siku mama alipounguza wali wa maulidi mbele ya wageni, mambo ambayo redio yoyote isingeyatangaza.

Alifariki wakati wa masika, kaka akiwa bado ndani.

Siku aliyoachiwa, kaka alipitia makaburini kwanza ndipo akaja nyumbani. Mama alimkumbatia muda mrefu, akaingia ndani kumtafutia nguo. Tukabaki wawili kibarazani.

"Baba aliwahi kunisimulia siku uliyozaliwa wewe," kaka alisema. "Alikwambia?"

"Hapana."

Akasogea karibu, akaanza kunieleza.