Stamena, Mpima Pua za Meli

Stamena Grozeva hakuzaa, na dada yake wa pekee aliungua angani, kwa hiyo nisipoandika mimi hakuna atakayeandika. Sikusoma sana. Nitasema niliyoyaona.

Alikuwa mwanamke mfupi, mabega mapana, na sweta lake la kijivu hakulivua hata Agosti. Miaka ishirini na sita alikaa kwenye kibanda cha lango, juu ya bandari yetu ya Kosharka, akipima pua za meli za anga. Meli inayoupita mwanga kwa kasi haikimbii kama gari. Inajifungia ndani ya povu, na povu ndilo linalosogea. Waliomo hawahisi kitu, hata chai haimwagiki. Lakini povu hukumba vumbi lote la njiani na kulibeba mbele, na meli ikisimama, vumbi hilo hufyatuka kuelekea kule pua inakotazama, likiwa limegeuka moto. Safari ya miezi miwili hukusanya konzi mbili tu. Konzi mbili zinatosha.

Kuna baya zaidi. Waliomo ndani ya povu hawawezi kuugusa ukuta wake wala kusikia neno la nje, maana hakuna redio ya kuifikia meli inayoiacha redio nyuma. Itasimama wapi, pua itatazama wapi, yote hupangwa kabla ya kuondoka. Stamena ndiye aliyehakikisha pua imeelekezwa kwenye giza tupu, kisha akagonga muhuri.

Sisi watu wa Kosharka, tangu enzi za mashua za samaki, kijana akirudi salama huelekeza pua kwenye nyumba ya mama yake kabla ya kutia nanga. Asiyefanya hivyo husemwa hakulelewa. Vijana walipohamia meli za anga, walihama na salamu yao. Ndivyo alivyokufa dada yake Stamena. Alikuwa mpishi kwenye kituo cha juu, kule angani meli zinakopakuliwa, na mchumba wake akarudi akamsalimu. Walikufa watu tisa. Wiki iliyofuata Stamena aliomba kazi ya lango.

Sisi wanawake hatukumpenda sana. Alitunyima salamu zetu. Sokoni muuza samaki alikuwa akimwambia, "Shangazi, nasikia hata kanisani unakaa upande."

"Nakaa upande nisione sura yako," alijibu, huku akichagua samaki mmoja mmoja kwa kidole.

Mwanangu Ognian alipata kazi ya usukani mwezi wa Machi. Siku ya kuondoka nilimwaga maji kizingitini kutoka ndoo ya shaba, ili safari yake iteleze, halafu nikamshika kola.

"Ukirudi, nigeuzie pua. Kidogo tu, nijue ni wewe."

"Mama, Shangazi Stamena ataninyonga."

"Ukigeuza akishagonga muhuri, kabla hamjaondoka, atajuaje? Mwenzako wa mtaa wa chini si alifanya mwaka jana? Kulikuwa na nini? Mng'aro tu baharini."

Alicheka, akanibusu kwenye paji la uso. Mimi ndimi mama yake, nilijua atafanya.

Kilichonikosesha usingizi ni samaki. Baada ya ule mng'aro wa mwaka jana samaki walielea siku tatu, macho meupe kama yaliyochemshwa, nasi tukasema ni joto la majira. Wiki baada ya wiki niliwakumbuka. Chakula kikanishinda.

Zikiwa zimebaki siku nne meli yake irudi, Stamena alikuja kununua mayai.

"Mama Ognian, mbona umekonda hivyo?"

"Tumbo tu."

"Tumbo." Akaweka kikapu chini. "Mwanao ulimwambia nini siku ile mlangoni?"

Nikamwambia. Nilidhani atanipiga. Alikaa kwenye kiti cha Ognian, akauliza nyumba yetu inatazama upande gani wa bandari, akachora mstari mezani kwa kidole chenye unga.

"Mstari unapita kwenye kituo cha juu," alisema. "Halafu gati. Halafu wewe."

"Mwambie asimame kwingine!"

"Nimwambie kwa kitu gani, mama? Nimpigie filimbi?"

Alipiga simu mji mkuu mara tatu. Walimjibu kwamba karatasi iko sawa, ina muhuri wake mwenyewe, na muhuri wake haujawahi kukosea. Mkuu wa kituo cha juu ndiye pekee aliyemwamini. Siku moja kabla alikisogeza kituo chake na watu arobaini.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, jua kali. Meli ilitazamiwa saa sita mchana. Watu walikuwa wameshajaa gatini na ndoo zao za shaba, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimejigamba kwa majirani kwamba mwanangu atanisalimu. Stamena aliwapitia mmoja mmoja, akiwasukuma kuelekea ghala la barafu.

"Shangazi, hata harusi ungeifukuza!" alipiga kelele muuza samaki.

"Yako ningeifukuza mapema, mkeo angenishukuru. Ingia!"

Walicheka, na kwa kucheka wakaingia. Mimi niliingia wa mwisho, redio ndogo mkononi. Ghala lile lina kuta nene na mlango wa chuma, lakini kitasa cha ndani kilivunjika zamani, mlango haukai bila komeo la nje. Nilimwona akiushika.

"Na wewe?" nilimuuliza.

"Nitajibana nyuma ya kibanda. Sogeza mguu wako."

Komeo likalia.

Tulisubiri gizani, barafu ikidondoka. Kisha mwanga ukapita chini ya mlango, mweupe, tukaiona mifupa ya vidole vyetu. Chuma kikaanza kunuka rangi iliyoungua. Njiwa wa paani walinyamaza wote kwa pamoja.

Redio ikakwaruza mkononi mwangu.

"Mama!" Alikuwa na furaha, alikuwa anacheka. "Mama, umeniona?"

Watu wote walinitazama. Nikamwambia nimemwona. Kisha tukaanza kumwita Stamena aje atufungulie.