Mama ametafuta kiti yake mu gari ya Papa

Leo Mama ameona Papa anaendesha tena, na hakulia.

Papa alikufa zamani. Alikuwa anafanya mashindano ya magari mu gari yake ya kale, kwa barabara ya matope ya kwenda Mubi. Mi nimeitengeneza upya mu mchezo ya magari kwa ordinatere, kompyuta yangu: gari, matope, mpaka sura ya Papa. Macho inaniuma juu ya ile kazi.

Mama akaangalia muda murefu.

«Mbona Papa yako iko peke yake?»

«Mama, gari ya mashindano iko na kiti moja.»

«Papa yako alikuwa anaogopa kwenda peke yake. Mi njo nilikuwa nakaa pembeni.»

Hakuna muntu alishaniambia ile.

Basi naanza gari upya, na kiti mbili. Nikamuuliza Mama alikuwa anavaa nini.

«Kitenge ya njano. Na unifunge mukanda.»

Ninyi munasoma hii, wenye munajua kuchora kitenge kwa ordinatere, munisaidie. Nimechoka kweli.