Mume Wangu na Neno "Might"

Mume wangu alipostaafu serikalini, haukupita muda akaanza kunifuata jikoni kunifundisha kukata vitunguu. Kwa hiyo siku aliponiambia anataka leseni ya kutembeza watalii, wale wanaoshuka kwenye meli kubwa pale Bandari ya Sultan Qaboos, nilimwambia, "Nenda bwana, nenda hata leo."

Hakupungukiwa kitu. Kazaliwa Unguja, kaja Maskati akiwa mdogo, soko la Mutrah analijua kila kichochoro, na watu anawapenda. Kiingereza pia alikuwa nacho, cha ofisini, cha barua na mikutano. Kabla ya usaili wa leseni akaona bora aende bandarini ajipime. Akamkuta mzee wa Kizungu na mkewe wamesimama mbele ya duka la halua, hawajui waingie au wapite. Akawaendea kwa bashasha zake zote: "You must certainly drink coffee! You must definitely come with me!"

Wale wawili walitazamana. Bibi akakumbatia mkoba wake, bwana akashukuru mara chungu nzima, wakageuka wakarudi upande wa meli, mbiombio.

Alirudi nyumbani amenyong'onyea. "Nimewakaribisha kahawa," aliniambia, "wamenikimbia utadhani mwizi."

"Umewaambiaje?"

"Nimewaambia lazima wanywe. Sasa mgeni anaambiwaje?"

Mie sikuliona kosa. Kwetu mgeni akikataa chakula unamwambia lazima ale, na akisema ameshiba unamwongeza. Mwenyeji asiyekulazimisha unaondoka kwake ukijiuliza kama alikutaka.

Binti yetu ndiye aliyetutafutia mwalimu, mama mmoja wa Kikenya aliyekuwa akifundisha Kiingereza katika skuli ya binafsi, na jioni akipita majumbani kwa wanafunzi wake. Siku ya kwanza Kiswahili chake kilinichekesha kimoyomoyo, na nadhani chetu, kilichojaa Kiarabu, kilimchekesha yeye. Walikaa sebuleni. Mie nikajifanya naleta chai, nikakaa moja kwa moja.

Mume wangu akamsimulia kisa cha kahawa. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho.

"Mzee," akasema, "hiyo 'must', lazima, ikiwa peke yake haina shida. Rafiki yangu akiniambia 'you must try this', mimi nafurahi. Lakini wewe umeongeza 'certainly', bila shaka. Neno zito juu ya neno zito, na mtu mwenyewe hakujui. Kile amesikia ni amri."

"Sasa nseme nini?"

"Sema 'you might perhaps like some coffee'. 'Might' ni huenda, 'perhaps' ni labda. Yote mepesi."

Mume wangu akashika ndevu. "Huenda labda ukapenda kahawa? Mwalimu, huyo mgeni ataona mie mwenyewe sina hakika kama kahawa ipo."

Mwalimu alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Kuanzia hapo walipatana.

Akawa anakuja mara kwa mara, na kila akija wanaoanisha maneno. Mume wangu alipojaribu kusema "might certainly", mwalimu alikataa. "Hayo hayakai nyumba moja, Mzee. Moja linasema huenda, lingine linasema bila shaka. Mtu ashike lipi?" Akamfundisha kwamba "may well" haihusiani na uzuri wala afya, bali ni kusema huenda, tena mwenyewe unaona itakuwa. Akamfundisha "could you possibly" ya kuomba kwa adabu, na "likely", kwa kitu kinachotarajiwa lakini hakijatokea. Mie Kiingereza changu kilikuwa cha kununulia dawa na kujibu simu, lakini nikawa nasubiri jioni zile kuliko mwanafunzi mwenyewe.

Jioni moja uvumilivu ulimwishia. "Mwalimu, mtu mzima kila neno huenda, kila neno labda! Mie nimesimamia idara. Nkisema kitu, kimekuwa."

Mwalimu hakubisha. "Kesho bahari itatulia?" akamuuliza.

"Itatulia."

"Una uhakika?"

Mume wangu akatazama dirishani. "Inshallah," akasema.

"Sasa hiyo inshallah yako si udhaifu, ama? Unajua ya kesho si yako. Mimi pia kanisani nafundishwa hivyo. Basi ukiambia mtalii 'it will probably be calm', yaelekea itatulia, umemwambia ukweli wako wote, na hujajitwika usichokijua."

Mume wangu alinitazama, akacheka, akaomba chai nyingine. Sikumsikia tena akilalamika.

Taabu iliyobaki ilikuwa yangu. Mezani akawa ananiomba chumvi kwa "could you possibly". Na asubuhi moja akasimama nyuma yangu jikoni akasema kwa upole mkubwa, "Bibi, huenda pengine kitunguu hiki kingependeza kikikatwa kidogo zaidi." Nikampa kisu akate mwenyewe.

Siku ya usaili nilimsindikiza. Nilikaa kwenye kiti ukumbini na mlango wakauacha wazi, basi nikasikia yote. Msaili alikuwa binti wa Kiomani, sauti yake ya utulivu. Alijifanya mtalii: anataka kwenda na boti upande wa Yiti kesho, je, atawaona pomboo?

Mume wangu pomboo anawapenda kupita kiasi, na miaka yote alikuwa akimhakikishia kila mgeni wetu kwamba atawaona.

"You may well see them," akajibu taratibu. Huenda ukawaona, na mie naona utawaona. "They are quite likely to come in the morning. But I can't possibly promise." Kuahidi hawezi kabisa.

"Na nisipowaona?" binti akauliza, kwa Kiingereza hicho hicho.

Nikajua anatafuta neno, nami nikawa nalitafuta pamoja naye. Kisha akasema, "Then you will certainly see the sea."

Bahari bila shaka utaiona. "Will" na "certainly", mazito yote mawili, na safari hii yamekaa mahali pake. Yule binti akacheka, nami kule ukumbini nikajiziba mdomo na mtandio.

Leseni aliipata. Mwalimu tulipompigia simu alipiga kelele za furaha, akasema tumwandalie biriani. Tulimwandalia.

Kundi lake la kwanza nilikwenda kulitazama bila kumwambia. Nilisimama kwenye duka la vitambaa, najifanya nachagua. Walikuwa wazee watupu, na mama mmoja mwenye fimbo alikwishachoka. Mume wangu aliinama karibu naye akamuuliza kama labda angependa kukaa kidogo. Yule mama akakaa, na wenziwe wote wakakaa. Kahawa ikaja. Akawaeleza jambo akionyesha milima kwa mkono, wote wakaangua kicheko, ila kwa umbali ule sikulipata neno hata moja. Mwenye duka alikuwa ananingoja. Nikanunua kitambaa cha kijani ambacho sikukihitaji, nikarudi nyumbani kubandika wali.