Harusi ya Mahindi Kwenye Matanga

Miaka ile kampuni kubwa za nje zilipoanza kuruhusiwa kuuza mbegu nchini, moja ilikuja kujaribu mahindi yake kijijini kwetu Mpui. Mimi, wa darasa la saba, nilipata kazi ya kumshikia mifuko mwanasayansi wao, mama mmoja mpole kutoka Arusha. Tulifunika mahindi machanga kwa mifuko ya karatasi yasipate chavua ya jirani. Ndevu zake zikichomoza, tuliyamwagia chavua tuliyoichagua wenyewe. Kijijini wakasema tunaozesha mahindi. Wanawake waliniuliza njiani, "Bwana harusi kalipa ng'ombe wangapi?"

Baba akafa ndevu za mahindi zikiwa zimetoka. Kwetu, matanga yasipoanuliwa, mfiwa hashiki jembe, na vibarua wote wa shamba lile tulikuwa wa ukoo mmoja. Mwanasayansi alikuja, akaamkia wazee, akakaa mkekani na wanawake. Alinipa pole, habari ya shamba hakuigusa. Nilimwelewa. Ndevu zingekauka kabla ya matanga kwisha, na kazi yake ya msimu mzima ingepotea.

Aliyesema ni mtani wetu, Msukuma mfugaji, aliyekuwa amejilaza barazani akijifanya ndiye marehemu.

"Nyie Wafipa! Nimekufa makusudi ili harusi zivunjike. Mabibi harusi wamesimama shambani na ndevu zao, wapambe mmekaa hapa mnakula ugali!"

Shangazi, dada mkubwa wa baba, alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaniuliza, "Hiyo kazi ina jembe?"

"Haina, shangazi. Ni karatasi tu."

"Basi nendeni. Na wewe marehemu, amka ukawachunge, mtu asije akagusa udongo."

Tukaenda, mtani nyuma yetu akipiga vigelegele. Mstari wa kwanza tulikwenda vizuri. Kwenye wa pili nikakumbuka kwamba jioni sitamkuta baba nimsimulie, machozi yakanitoka.

"Usilie juu ya mfuko, mwanangu," mwanasayansi akasema taratibu. "Chavua ikilowa inakufa."

Mtani akadakia, "Mmesikia? Kampuni imekataza hata kulia!"

Nikacheka huku makamasi yakinitoka. Mwanasayansi naye akacheka, kisha akalia yeye. Mtani akatupokonya mifuko, akatufukuza kando tukalie vizuri, akaendelea kuozesha peke yake huku akiyatukana mahindi. Tulipovuna, mstari ule ulikuwa umeshika punje kama mingine, ila mahindi mawili yaliyotoka na mapengo.