Mama Mkwe Aliyetaka Kuandikiwa

Kwa miaka kumi na minne sasa, Wekoye hajawahi kumpa mkono mwanamke ambaye yeye humshukuru kuliko binadamu wote walio hai. Si kwamba wamegombana. Mwanamke huyo, Nakhumicha, ni mama wa mkewe, na kwa Wabukusu wenye kushika mila, mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawaketi chumba kimoja, wala hawali wakitazamana. Wekoye akifika Myanga, nyumbani kwa mama mkwe, Nakhumicha huingia jikoni, na salamu hutokea mlangoni zikibebwa na mtoto au yeyote aliye karibu. Wakikutana njiani, mmoja hujibanza kwenye ua ili mwingine apite. Wageni hudhani ni chuki. Asiyejua maana haambiwi maana. Hiyo ni heshima, tena heshima ya bei ghali.

Kwa hiyo anamjua vipande vipande. Anaijua sauti yake ya jikoni, nzito kidogo, isiyopanda hata ng'ombe akivamia mahindi. Anayajua mafundo yake, kwa kuwa kila mfuko wa njugu anaowatumia wajukuu hufungwa mara mbili na haufunguki bila meno. Mengine amesimuliwa na Viola, mkewe: kwamba mama alizaliwa msimu wa kupanda, ndiyo sababu ya jina lake, kwamba shule aliiachia darasa la tano, kwamba alifiwa na mume akiwa na watoto watano, akawalea wote kwa maharagwe na njugu pale soko la Myanga. Wapo wachuuzi wanaobonyeza kitako cha gorogoro, mkebe wa kupimia, kwa nyundo ili ujae upesi. La Nakhumicha halijabonyezwa, na anapopita, wenye yaliyobonyezwa hukumbuka ghafla kuyafunika kwa gunia.

Wekoye ni seremala wa Matisi, mjini Kitale. Hutengeneza vitanda, milango na madawati ya shule. Mwaka 2022, mabega yake yalipochoka kuranda mbao kwa mkono, alichukua mkopo katika benki ambayo hatutaitaja hapa, maana haijatulipa tuitangaze. Akanunua mashine ya kuranda, na mashine hiyohiyo ikawa dhamana. Katika fomu palikuwa na nafasi ya simu ya mtu wa karibu. Wekoye alikuwa ameinamia nakala za kitambulisho, basi Viola akajaza, na kama mtu mwenye akili akaandika namba isiyozimwa kamwe: ya mama yake. Wekoye akatia sahihi bila kusoma. Mbukusu yeyote aliyelelewa vizuri angeona lile jina angeomba fomu nyingine.

Alilipa. Aliuza mbuzi wawili, nyama akaionja Krismasi tu, lakini kila mwezi alilipa. Novemba 2023 akakamilisha, akapewa risiti ya mwisho, na Viola akampigia mama yake kumwambia kwamba mashine sasa ni yao. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, na Wekoye alikuwa ameinywa chupa nzima.

Januari simu zikaanza. Mtu asiyetaja jina alisema anaikusanyia benki madeni yake, kwamba malipo matatu ya mwisho hayakuonekana, na kwamba kwa faini na ada za huku na kule deni lilikuwa elfu arobaini na sita. Wekoye akabeba risiti zake hadi benki. Dada wa kaunta hakuzigusa.

"Kwa sistimu haionyeshi, fundi," alisema. "Ongea na hao watu wa madeni."

Watu wa madeni wakamwambia aongee na benki. Akapigwa danadana hivyo mwezi mzima. Kisha yule mkusanyaji akaanza kuwapigia wengine. Mwalimu mkuu aliyekuwa ameagiza madawati arobaini alipigiwa akaambiwa seremala wake ni tapeli, naye akahamishia kazi kwingine bila kuuliza. Mtu anaweza kulipa deni lake lote na bado akanyang'anywa jina, na jina halina risiti.

Halafu ikapigwa simu ya Myanga.

Ilikuwa siku ya soko. Nakhumicha huweka simu yake sauti ya juu, kwa sababu mikono haiachi kupima, na kwa hiyo majirani zake wote walimsikia yule mtu.

"Wewe ndio mama ya Wekoye? Huyo mtoto yako ni mwizi. Amekula pesa ya benki na sasa anatuzungusha."

Nakhumicha akasawazisha maharagwe kwenye gorogoro, akammiminia mteja, akapokea pesa yake. Ndipo akajibu.

"Mimi na yeye hatuongeangi mdomo kwa mdomo. Kama uko na maneno yake, niandikie. Nitatafuta mtu wa kumpelekea."

Hakuwa akifanya ujanja. Maneno ya mkwe hayapiti moja kwa moja, hupitia kwa mtu wa katikati, na mtu wa katikati huhitaji kitu cha kubeba. Yule mkusanyaji hakulijua hilo. Alidhani amempata mama aliyekosana na mwanawe, akafurahi, akaanza kuandika.

Wekoye alizipata habari za simu ile kutoka kwa Viola, aliyezipata kwa shangazi, aliyekuwa akiuza nyanya hatua tatu kutoka pale. Alikaa juu ya rundo la mbao. Kutukanwa yeye kulivumilika. Lakini mama mkwe kutukaniwa mkwe wake mbele ya soko zima, na namba iwe imetoka kwenye fomu yenye sahihi yake! Alimuuliza Viola mama amesema nini.

"Hajasema kitu."

"Hata kidogo?"

"Ameuliza tu kama watoto wamepona homa."

Wekoye akauchukua ukimya ule kuwa hukumu. Pasaka ilipofika, Viola akaenda Myanga na watoto, yeye akabaki Matisi akisingizia kazi, ingawa kazi yenyewe haikuwapo. Hakumpelekea mama mkwe neno lolote, la kuomba radhi wala la kujieleza.

Baada ya Pasaka, siku ya Jumatatu, ukaja ujumbe kwenye simu yake mwenyewe: Ijumaa lori litafika kuchukua mashine. Usiku hakulala, na mchana alikuwa akiizunguka mashine yake kama mtu anayeaga maiti. Bila ile mashine angerudi kwenye randa ya mkono, na mabega yake hayakuwa ya kurudi. Karo ya Nasimiyu, binti yake mkubwa, ilikuwa ikitoka mle.

Jumanne saa nne asubuhi simu iliita. Alikaribia kutoipokea.

"Ni Fundi Wekoye? Mimi naitwa Zulekha, niko na saiba hapa Bungoma, karibu na msikiti. Mamako mkwe alikuwa hapa kwangu jana. Kuja na risiti zako zote. Na hiyo aibu yako, bana, wacha huko Kitale."

Zulekha alikuwa amenunua njugu za Nakhumicha tangu akiwa msichana anayetumwa na mama yake. Siku hizi alikuwa na duka la kompyuta na mashine ya kuchapa, na watu wengi walishamletea vilio vya mikopo ya simu, hata sheria za wakopeshaji akazijua kuliko baadhi ya wakopeshaji wenyewe. Wekoye alipofika Bungoma na risiti zake, Zulekha alimweleza kwamba mama alikuwa amefika na simu ikiwa imefungwa ndani ya leso, akaiweka mezani, akasema, "Nitolee haya maneno yote kwa karatasi. Yote, hata yale mabaya."

Kisha akamsukumia rundo la karatasi.

Zilikuwa jumbe thelathini na moja, kila moja na tarehe na saa yake. Wekoye akasoma. Mama Wekoye kijana yako ni mwizi. Mama Wekoye tutakuja mpaka kwako tubebe ng'ombe. Tutaweka picha yake Facebook watu wote wamjue. Katikati palikuwa na mmoja ambao Zulekha alikuwa ameupigia mstari kwa kalamu nyekundu: Mama kama pesa yote hakuna tuma elfu kumi kwa hii namba yangu nifunge hiyo faili.

"Hapa ndio alijimaliza," Zulekha alisema. "Mengine yote ni makosa. Kutangaza deni ya mtu kwa mtu mwingine ni makosa, kutisha ni makosa. Lakini hii ni hongo, na ameiandika na mkono wake."

Wekoye hakumsikia vizuri. Alikuwa amefika kwenye majibu. Nakhumicha aliandika machache, kwa herufi kubwa kama za mtu anayechonga. ANDIKA JINA YAKO. Mara nne aliuliza jina, na mara nne hakujibiwa. Na baina ya hayo: MTOTO WANGU AMELIPA. Tena, siku mbili baadaye: MTOTO WANGU SIO MWIZI. Tena, siku ya Pasaka yenyewe, siku ambayo Wekoye alijificha Matisi: MTOTO WANGU NI MTU WA KAZI ULIZA MTU YEYOTE.

Mama mzazi wa Wekoye alizikwa yeye akiwa darasa la saba. Tangu hapo ameitwa fundi, mkwe, Baba Nasimiyu, mdaiwa. "Mtoto wangu" hakuwa ameitwa na mtu. Alilia pale kwenye saiba, mtu mzima mwenye ndevu, na Zulekha akainuka akaenda kumhudumia mteja ambaye hakuwa na haraka yoyote.

Barua iliandikwa mchana huohuo. Nakala moja ya benki, nyingine ya ofisi ya serikali inayolinda habari za watu. Wekoye alipotoa pesa ya kazi, Zulekha alichukua ya karatasi tu, akasema nyingine alishalipwa kwa njugu zilizopimwa kwa haki miaka ishirini.

Alhamisi Wekoye na Viola walisimama mbele ya meneja wa benki. Meneja alianza kusoma akiwa ameegemea kiti. Alipofika penye mstari mwekundu aliegemea meza. Akauliza kama barua hii imefika kwingine, Viola akamwambia imefika, na mtu ambaye mwezi mzima hakupata nafasi ya kuwaona akapata saa mbili. Ndani ya saa hizo, zile risiti zikaonekana zina maana. Malipo matatu ya mwisho yalikuwa yameingizwa kwenye mkopo wa Wekoye mwingine, mkulima wa Cheptais, ambaye bila shaka alikuwa akimshukuru Mungu kwa baraka asizozielewa.

Ijumaa Wekoye alisimama mlangoni mwa karakana tangu alfajiri. Malori yakapita ya mahindi, ya mchanga, ya mbao. Hakuna lililosimama. Saa sita aliiwasha mashine, akaranda ubao mmoja wa saiprasi usiokuwa na mwenyewe, kwa kutaka tu kuisikia.

Baada ya wiki mbili barua ikaja. Benki iliomba radhi, ikasema deni limekwisha tangu Novemba, mashine si dhamana tena, na ile kampuni ya kukusanya madeni imesimamishwa. Ofisi ya serikali nayo iliandika kwamba imepokea malalamiko na inayafuatilia. Mwalimu mkuu alipoonyeshwa barua alikohoa, akaagiza viti vya ofisi. Wekoye alimshukuru, kwa sababu siku hizo alikuwa akimshukuru kila mtu, hata mwenye kukohoa.

Lakini shukrani yenyewe ilikuwa na mahali pake. Alitengeneza meza ya soko yenye masanduku sita ya kuvuta ya kuwekea maharagwe, akaipiga msasa mpaka ikateleza, akaongeza leso na sukari kilo kumi, na Jumapili moja akapanda pikapu na Viola hadi Myanga.

Meza iliteremshwa uani. Nakhumicha akatoka jikoni, akasimama kizingitini. Wekoye akasimama karibu na lango, macho chini, kama inavyotakiwa. Baina yao palikuwa na hatua kumi na Viola.

"Mwambie mama nimeshukuru," Wekoye alisema. "Mwambie sina maneno. Mwambie anisamehe kwa kutukaniwa mimi sokoni."

"Mama, anasema ameshukuru," Viola akabeba, ingawa kila neno lilikuwa limeshafika. "Anasema umsamehe."

Nakhumicha aliijia meza, akaipapasa pembe kwa kiganja, akavuta sanduku moja likatoka bila kukwama.

"Mwambie Baba Nasimiyu meza ni nzuri," alisema. "Mwambie yule mtu hakuniumiza. Watu wa soko walicheka siku moja, ya pili wakanunua maharagwe. Kilichoniumiza ni Pasaka. Nilipika, nikaweka chakula chake kando, hakukuja. Mwambie mila imemkataza kunipa mkono. Haijamkataza kuniambia shida yake. Nitakuwa mama yake kwa karatasi za benki tu?"

Viola aligeuka kwa mumewe na kufungua kinywa ili abebe. Wekoye alikuwa ameinua uso.

"Nimesikia, mama," alisema.

Neno lilivuka ua bila kupitia kwa mtu. Viola akafunga kinywa. Nakhumicha alilirudisha sanduku mahali pake taratibu, akasema, "Basi ingia ule," akarudi jikoni.